Roho ya paka na akiba yake: paka mzee anapougua "ghafla"

Jana jioni alikula, akalamba bakuli, akapanda kwenye kiti chake. Leo asubuhi umemkuta nyuma ya kabati, amejikunyata mbele ya bakuli la maji, kichwa kimeinama juu ya maji lakini hanywi. Ukimpapasa mgongo unahisi uti wa mgongo, pingili kwa pingili. Ukisema kweli, ulianza kuuhisi miezi kadhaa iliyopita.

Unampigia daktari wa mifugo: "Paka wangu ameugua ghafla." Naye anaanza kukuuliza mambo yasiyoonekana kuhusika. Siku hizi anakunywa maji kiasi gani? Mchanga wa choo chake unaloa kuliko zamani? Aliacha lini kuruka dirishani?

Nilipoulizwa maswali hayo kuhusu paka wetu, jike wa miaka 16, nilikasirika. Nilitaka atazamwe leo, si mwaka jana. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba jibu lote lilikuwa mwaka jana. Mtu asiyekufa upesi husemwa ana roho ya paka, na msemo huo una ukweli wake wa kitabibu: mwili wa paka una akiba kubwa, na paka huila akiba hiyo kimya kimya. Kwa paka mzee, "ghafla" mara nyingi ni siku ambayo akiba imekwisha. Ugonjwa wenyewe ulianza zamani.

Akiba ilivyokuwa ikiliwa

Paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu wa Afrika, mnyama anayewinda peke yake. Simba akiumia mguu, kundi huweza kumwachia mabaki ya windo. Paka mwitu hana wa kumwachia chochote, na akionekana dhaifu yeye mwenyewe ni windo. Kwa hiyo hupunguza mambo polepole bila kulia wala kuchechemea kwa kuonekana: analala zaidi, anaruka mara chache, anaacha kujilamba kiunoni kwa sababu kugeuka kunamuuma. Sisi tunasema amezeeka. Utafiti wa picha za eksirei uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta dalili za uchakavu wa viungo kwa paka 9 kati ya kila 10 waliozidi miaka 12. Tunachokiita uvivu wa uzee mara nyingi ni maumivu ambayo hayajatibiwa.

Figo ndizo mfano bora wa akiba hiyo, tena ndizo zinazowachanganya watu zaidi wanapoletewa majibu ya damu. Figo ina vichujio vidogo vingi sana, na vikifa havioti tena. Vinapoanza kufa, vilivyobaki huchapa kazi kwa niaba ya vyenzao. Takriban theluthi mbili ya kazi ya figo inapopotea, paka hawezi tena kubana maji: mkojo unakuwa mwingi na mwepesi, naye anakunywa zaidi kufidia. Kreatinini, uchafu ambao figo huuondoa kwenye damu na ndicho kipimo kinachotajwa kila mara, kwa kawaida hupanda waziwazi pale takriban robo tatu ya kazi inapokuwa imekwenda. Na kwa kuwa kreatinini hutoka kwenye misuli, paka aliyekonda anaweza kuonyesha namba nzuri kuliko hali yake. Ndiyo sababu siku hizi madaktari huongeza kipimo kiitwacho SDMA, ambacho hakitegemei misuli kwa kiasi hicho na hupanda mapema zaidi.

Sasa fikiria paka huyo anayeishi kwa robo ya figo zake. Anaendelea vizuri tu ilimradi anywe kila anachokojoa. Siku moja anatapika mara tatu, au anapata maambukizi ya figo, au kijiwe kidogo kinaziba mrija unaotoa mkojo kwenye figo. Paka kijana angevumilia siku mbili. Huyu hawezi kubana maji, kwa hiyo anakauka kwa saa chache, damu inayofika kwenye figo inapungua, na ile robo iliyobaki inaanza kugoma. Hii ndiyo "ghafla" yako: ajali ndogo juu ya ugonjwa mkubwa wa zamani.

Hapa kuna jambo ambalo ningependa kila mwenye paka alijue kabla ya siku hiyo kufika. Namba za kreatinini za siku ya kwanza huchanganya vitu viwili: sehemu ya zamani isiyorudi, na sehemu ya ajali ambayo huenda ikarudi. Hakuna awezaye kuzitenganisha kwa kuangalia karatasi. Hatua nne za ugonjwa sugu wa figo ambazo madaktari huzitumia, ya 1 hadi ya 4, zimekusudiwa kupimwa paka akiwa ametulia na maji yamerudi mwilini. Anayekuambia "yuko hatua ya nne" wakati mnyama amekauka kama kuni amewahi mno. Paka wetu aliingia na namba za kutisha. Alikaa kwenye dripu siku tatu na antibayotiki, akatoka na namba za paka mgonjwa wa kawaida.

Figo haziko peke yake. Tezi ya thairoidi iliyo shingoni ikianza kufanya kazi kupita kiasi, paka anakula kama mwendawazimu na bado anakonda. Huu unadanganya kuliko magonjwa yote ninayoyajua, kwa sababu familia inafurahia hamu ya kula. Moyo unakimbia, shinikizo la damu linapanda, na damu nyingi inayosukumwa kwenye figo huzifanya zionekane nzima. Ukitibu tezi, ugonjwa wa figo uliokuwa umejificha unaweza kujitokeza, na mwenye paka hudhani dawa ndiyo imeharibu figo.

Shinikizo la damu nalo lina "ghafla" yake: paka anaamka kipofu. Mboni zimepanuka hata kwenye mwanga mkali, anagonga miguu ya meza, anasimama katikati ya chumba akiita. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, imebanduka usiku. Likipimwa na kupewa dawa, kwa kawaida amlodipini, siku hiyohiyo au inayofuata, kuna wakati sehemu ya uwezo wa kuona hurudi. Ukingoja wiki kuona kama "itapita", nafasi hiyo hupotea.

Ambayo hayangoji asubuhi

Paka akihema mdomo wazi, nenda sasa. Mbwa huhema hivyo akiona joto. Paka mzee aliyetulia nyumbani akifanya hivyo, mara nyingi amekosa hewa. Miguu ya nyuma ikilegea ghafla, ikiwa ya baridi, nyayo zimepauka au kuwa bluu, naye analia kwa uchungu, huenda donge la damu limetoka kwenye moyo mgonjwa na kuziba mshipa mkuu pale unapogawanyika kwenda miguuni. Hii ni moja ya "ghafla" za kweli, na ni kati ya mbaya zaidi. Paka dume anayeingia kwenye sanduku la mchanga tena na tena, anajikamua na hakuna kinachotoka, si wa kupewa dawa ya kulainisha choo: njia ya mkojo ikiziba, potasiamu hupanda kwenye damu na moyo unaweza kusimama ndani ya siku moja au mbili. Fizi nyeupe, degedege, au mwili wa baridi usio na nguvu vinaingia kwenye kundi hilohilo.

Kuna kipimo kimoja unachoweza kukifanya bila kifaa chochote. Paka akiwa amelala, tazama ubavu wake. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Anayelala vizuri huwa chini ya 30 kwa dakika. Ikipita 30 usiku hadi usiku, piga simu. Ikipita 40 akiwa ametulia, usisubiri. Usihesabu akiwa anakoroma ile raha yake, utachanganyikiwa. Njiani usimbane kifuani, na ukifika sema neno moja kwanza: anahema vibaya. Kliniki yenye busara itampa oksijeni kabla ya kumlaza kwenye meza ya eksirei, kwa kuwa paka aliyekosa hewa anaweza kufia kwenye kupigwa picha.

Kabla ya kufika huko, mkono wako usiende kwenye kabati la dawa. Paracetamol inaua paka. Ini la paka lina upungufu wa kimeng'enya ambacho binadamu hukitumia kuivunja dawa hiyo, kwa hiyo sumu inabaki na kuishambulia damu hadi ishindwe kubeba oksijeni: fizi zinageuka rangi ya udongo, uso unavimba. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha. Ibuprofen nayo huharibu tumbo na figo. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrin, ikipakwa kwa paka, humletea mitetemeko na degedege. Wanaofanya makosa haya mara nyingi ni watu wenye huruma waliomwona mnyama anaumia saa nane za usiku, na hilo ndilo linaloumiza.

Kwenye meza ya daktari

Siku hiyo utaambiwa maneno mengi kwa haraka, na mengi utayasahau kabla hujafika nyumbani. Swali lililonisaidia kuliko yote lilikuwa hili: "Hiki ni kitu cha kurekebisha, cha kudhibiti, au cha kusindikiza?" Upungufu wa potasiamu, ambao humfanya paka ashindwe hata kuinua shingo, unatisha kuutazama lakini hurekebishwa. Kisukari na tezi hudhibitiwa, na baadhi ya paka wenye kisukari hufika mahali pa kutohitaji insulini tena. Donge la damu lililoziba miguu yote miwili kwa paka ambaye mwili umeshapoa, mara nyingi ni la kusindikiza.

Hata neno saratani halisemi kitu kimoja. Uvimbe ulioonekana kwenye ultrasaundi hauna jina bado. Limfoma ya utumbo ya chembe ndogo, kwa mfano, hutibiwa kwa vidonge nyumbani, na paka wengi huishi nayo miaka miwili au zaidi. Ya chembe kubwa huenda kasi na hupimwa kwa miezi. Kwenye skrini zinaweza kufanana, na zinatofautishwa kwa kuchukua sampuli. Ukikata tamaa kwa sababu ya picha peke yake, umekata tamaa kabla ya kujua unakata tamaa juu ya nini.

Daktari akisema "sijui bado, nipe saa 48," usimdharau. Kwangu mimi hilo ni jibu zuri kuliko uhakika wa haraka. Ila mwombe ayape matibabu hayo mpaka: baada ya saa 48 tutaangalia nini? Namba ipi? Awe anakula mwenyewe? Awe amekojoa kiasi gani? Jaribio lisilo na mpaka hugeuka kuwa mateso yanayosogezwa mbele siku moja baada ya nyingine, na gharama zinapanda bila mtu yeyote kuamua kuzipandisha. Na kama uwezo wako una kikomo, kitaje mwanzoni. Daktari anayejua kikomo huchagua vipimo vitakavyobadilisha matibabu, na anaacha vile vya kuridhisha udadisi.

Umri peke yake si jibu la swali la ganzi wala upasuaji. Kinachoangaliwa ni moyo, figo na shinikizo la damu. Paka wa miaka 15 mwenye moyo mzuri anaweza kuwa salama zaidi kuliko wa miaka 8 ambaye kuta za moyo wake zimenenepa.

Vita vya bakuli

Watu wengi hudhani chakula ni jambo la mwisho, la kupona kukiwa kumeanza. Kwa paka ni jambo la kwanza. Paka asiyekula, hasa aliyekuwa mnene, huanza kuyeyusha mafuta ya mwili na kuyapeleka kwenye ini, na ini la paka halijui kuyashughulikia kwa wingi huo. Ndani ya siku chache linajaa mafuta na kushindwa kazi, masikio na fizi vinaanza kuwa njano. Yaani ugonjwa wa kwanza unazaa wa pili, na tiba ya huo wa pili ni chakula chenyewe.

Tatizo ni kwamba paka mwenye kichefuchefu habembelezwi. Mtazame: anakwenda bakulini, ananusa, analamba midomo, anameza mate, anageuka. Ana njaa lakini tumbo limekataa. Hapo sisi ndipo tunapokosea kwa mapenzi. Tunapanga bakuli tano, tunampaka chakula mdomoni, tunamfuata chini ya kitanda na kijiko. Paka hukumbuka chakula alichokiona akiwa na kichefuchefu na kukichukia hata akipona. Ondoa bakuli. Kwanza apewe dawa ya kichefuchefu, kama maropitanti, kisha kama daktari ataona inafaa, mirtazapini ya kuamsha hamu, ambayo iko hata ya kupaka ndani ya sikio. Halafu weka chakula kidogo kilichopashwa hadi joto la mwili, kwa sababu paka hula kwa pua, subiri dakika 15, kiondoe. Usimfichie dawa kwenye chakula anachokipenda kuliko vyote, utakipoteza. Na chakula maalumu cha figo kinaweza kungoja. Katika siku za hatari, chakula bora ni kile atakachokila.

Bado hali chochote? Kuna mrija wa kulishia unaoingizwa ubavuni mwa shingo hadi kwenye umio, kwa ganzi ya muda mfupi. Watu hushtuka wakisikia, nami nilishtuka. Lakini paka mwenye mrija hasumbuliwi tena na mtu: unampitishia chakula laini, maji na dawa zake zote akiwa amelala mapajani mwako, naye anaendelea kusinzia. Unaweza kukaa wiki kadhaa, na anaweza kula mwenyewe ukiwa bado upo. Kumkamua chakula mdomoni kwa bomba la sindano siku kumi mfululizo, akipaliwa na kukukimbia, ndiko ukatili, ingawa kunaonekana upole. Kosa kubwa la mrija, kwa maoni yangu, ni kuwekwa siku ya nane badala ya siku ya tatu.

Nyumbani tena

Paka wengi wa figo hurudi na kazi ya maji chini ya ngozi. Mara ya kwanza mikono yangu ilitetemeka kuliko yeye. Unapasha mfuko wa maji ya dripu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, unaujaribu kwa ndani ya kifundo cha mkono. Unavuta ngozi iliyo kati ya mabega iwe kama hema, sindano inaingia kwenye mlango wa hema hilo, na maji yanaanza kutiririka. Kwa paka wa kilo 4 mara nyingi huwa kama mililita 100, kiasi daktari alichoandika na si zaidi. Anaota nundu, ambayo baada ya saa moja huteleza hadi begani na kumfanya atembee kama mwenye koti la kuazima, kisha inanyonywa na kwisha. Paka mwenye ugonjwa wa moyo hapewi hivyo bila ruhusa: maji yanayookoa figo yanaweza kuzamisha mapafu.

Kidonge kifuatishwe na maji kidogo, mililita 5 hivi, kwa kuwa vidonge hunasa kwenye umio wa paka na baadhi huuchoma. Sanduku la mchanga liwe na ukingo wa chini, na liwe karibu. Anayekojoa pembeni mwa sanduku mara nyingi hawezi kuinua mguu juu ya ukingo. Mzani wa jikoni au wa mtoto mchanga ni bora kuliko jicho lako: gramu 200 kwa paka wa kilo 4 ni sawa na mtu wa kilo 70 kupungua kilo tatu na nusu, na manyoya huzificha kabisa.

Maumivu yana sura. Mwaka 2019 watafiti wa chuo kikuu cha Montréal walichapisha kipimo kinachosoma uso wa paka: masikio yaliyotengana na kugeukia nje, macho yaliyofinywa, pua na mdomo vilivyokazana, masharubu yaliyonyooka, kichwa kilichoshuka chini ya mabega. Ukishayajua mambo haya matano huwezi kutoyaona. Kukoroma kwa raha hakumo, kwa sababu paka hukoroma hivyo hata akiwa na maumivu makali, hata akiwa anakufa.

Kuhusu siku ya kuacha, daktari wa Marekani Alice Villalobos alitengeneza kipimo cha mambo saba, maumivu, njaa, maji, usafi, furaha, kutembea, na kama siku njema zinazidi mbaya, kila moja likipewa alama 0 hadi 10. Jumla ikizidi 35, kuendelea kunakubalika. Nakipenda kwa kuwa kinamlazimisha mtu kuandika badala ya kubishana na nafsi yake usiku. Ila siamini jumla yake. Paka asiyeweza kupumua hahitaji alama nyingine sita.

Ikifika hapo, ni vyema ujue kitakachotokea. Kwa kawaida huanza sindano ya kulaza. Akishasinzia kabisa, hufuata dawa ya pili, ya jamii ya dawa za usingizi kwa kipimo kikubwa, na moyo husimama ndani ya dakika chache. Macho hayafumbi. Huenda msuli ukashtuka, au pumzi moja ikatoka baada ya moyo kusimama, au mkojo ukatoka. Yeye hayasikii hayo. Unayeyasikia ni wewe, kwa hiyo bora uambiwe mapema.

Wetu hajafika huko. Kuna daftari limening'inizwa kwa kamba jikoni, na mistari ya wiki hii inasomeka hivi: Jumatatu, kilo 3.42, amekula nusu, maji 100. Jumatano, kilo 3.40, ametapika mara moja. Ijumaa, kilo 3.45, amekula yote, amesimama chini ya dirisha akalitazama muda mrefu. Jumamosi nimeweka kigoda chini ya dirisha hilo, apande kwa hatua mbili.